Kikohozi cha Mpishi

Anayelipia safari ya kikundi ya kwenda kutazama wanyama huambiwa mengi mapema, ili asije akashangaa mbele ya safari. Huambiwa alete kofia, sweta la asubuhi na viatu visivyo na kisigino. Huambiwa kwamba atabanana na watu asiowajua, kwamba atakula vumbi kabla ya kula chakula, na kwamba simba hawana mkataba na kampuni, wakitaka kulala watalala. Yote hayo ni kweli, na Bosi aliyasema yote asubuhi ile pale ofisini, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Jambo moja tu hakulisema, kwa sababu hata yeye hakulijua. Dereva alikuwa haoni.

Tuseme haoni vizuri, tusije tukamtukana mume wa mtu. Mwanga aliuona. Maumbo aliyaona, kitu kikubwa kama nyumba alikijua kuwa ni kikubwa kama nyumba. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, ameyatandazia ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji, na jua likimpiga usoni ndiyo basi tena, dunia nzima inageuka shuka jeupe. Mtu huyu ndiye madereva wenzake waliyempa jina la Darubini, enzi zile alipokuwa akimwona chui juu ya mti wakati wenzake bado wanautafuta mti. Macho yaliondoka, jina likabaki kazini.

Aliyejua ni mke wake peke yake, na mke wake ndiye aliyekuwa mpishi wa safari zile. Daktari alikwisha kusema ni jambo la kupasua tu, mtu anaingia asubuhi na jioni analala kwake. Darubini alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akatoka asirudi tena. Kisu alikiogopa, lakini zaidi ya kisu alikiogopa kiti chake. Dereva akikaa nyumbani msimu mmoja, akirudi anakuta mwingine ameshakizoea.

"Mama watoto, masufuria yote yameingia?" aliuliza, anazunguka gari kwa madaha, mkono mmoja unaburuza ubavuni mwa bodi.

"Yameingia," mpishi alijibu, kisha akashusha sauti. "Begi jekundu liko miguuni pako. Liruke."

Aliliruka kama mtu aliyeliona tangu jana.

Abiria walikuwa watano. Kulikuwa na muuguzi mstaafu aliyevaa kofia pana kama sinia. Kulikuwa na bwana harusi na bibi harusi, bado wanashikana mikono hata wakipanda gari, jambo ambalo haliwezekani bila mmoja kuumia. Kulikuwa na msichana mkimya mwenye kamera ndefu. Na kulikuwa na mwenye duka la vipuri, mtu wa tumbo na maoni, ambaye hata kabla hajaketi alikwisha kugundua kwamba amepunjwa.

"Hebu nielezeni," alisema. "Huyu mpishi anakaaje dirishani, mimi niliyelipa nikae katikati? Anakwenda kuwaonyesha wanyama viazi?"

Watu wakacheka. Mpishi naye akacheka, maana kwenye kazi ile ukitaniwa na aliyelipa unacheka.

"Mpishi hukaa nyuma yangu, bosi wangu," Darubini alisema kwa sauti yake nzito ya asali. "Mguu wake ndio unaolizuia kasha la vyombo lisinivunje kiuno. Ukitaka, kaa wewe uzuie."

Mwenye duka alilitazama kasha, akalitazama goti lake, akakaa katikati.

*

Mpango wao ulikuwa rahisi. Mpishi akikohoa mara moja, mnyama yuko kushoto. Akikohoa mara mbili, yuko kulia. Akisafisha koo kwa kuvuta, kama mzee anayeingia msikitini, ina maana punguza mwendo, mbele kuna jambo. Mengine Darubini aliyapata kwenye redio ya gari, ambayo kwayo madereva huambiana nani yuko wapi, na kwenye vumbi la wenzake. Njia alizijua kwa makalio. Kila shimo lilikuwa na namna yake ya kumpiga, na kwa pigo lile alijua amefika wapi.

Saa za kwanza zilikwenda kama mafuta. Kikohozi kimoja, gari likasimama taratibu.

"Kushoto kwenu," Darubini alisema bila haraka, hata shingo hakugeuza. "Tembo. Jike na wanawe."

"Jamani," bibi harusi alinong'ona, anasimama kwenye uwazi wa paa. "Umewaonaje na unaendesha?"

"Kazi, mwanangu."

Vikohozi viwili, twiga. Kimoja, nyati. Hata mwenye duka alianza kulainika, akampiga Darubini begani akisema kwamba macho ya namna ile yanafaa kuwekewa bima. Mpishi alikuwa nyuma, amebana goti kwenye kasha, koo linawasha kwelikweli sasa kwa kulikohoza lisilo na ugonjwa, na ndani ya kifua chake kulikuwa na hofu iliyokaa mkao wa mtu aliyezoea nyumba.

"Mdogo wangu," muuguzi alimgeukia. "Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Ni vumbi tu, dada."

"Vumbi halikohozi watu kwa mpangilio. Wewe unakohoa kwa mpangilio." Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya dawa na kijiko. "Fungua mdomo."

Mpishi alifungua. Alikuwa mtu mzima mwenye mtoto chuoni, lakini alinyweshwa dawa mbele ya watu kama kitoto, akaramba midomo, akashukuru. Kabla hajafunga mdomo aliwaona pundamilia upande wa kulia. Akakohoa mara mbili.

"Unaona?" muuguzi aliwaambia wenzake. "Haya si mafua."

*

Kambini mpishi aliwasha moto, akakaanga kitunguu, akapika mchuzi wa nyama na wali, harufu ikatembea mpaka mahemani. Alipopakua, watu hawakusogea. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja anamtazama mwenzake aanze kusema. Aliyeanza ni yule asiyeshindwa kuanza.

"Mama, usichukulie vibaya," mwenye duka alisema. "Lakini mtu anayekohoa kutwa nzima, halafu huyo huyo ndiye anayeinamia sufuria. Sisi tuna familia."

"Siumwi, baba."

"Hakuna anayesema unaumwa. Tunasema unakohoa."

Bwana harusi alitazama viatu vyake. Muuguzi alisema kwa upole, na upole ndio uliochoma zaidi, kwamba akirudi mjini apimwe kifua, si aibu, siku hizi yote yanatibika. Wakala mkate mkavu na samaki wa kopo. Mchuzi ulibaki sufuriani, unatengeneza utando juu.

Mwenye duka alikwisha kusimama kwenye kichuguu ambako simu ilishika vizuri zaidi, anazungumza na Bosi kwa sauti ya mtu anayetaka asikike na wengine pia. Baadaye simu ilimfikia mpishi.

"Kesho usiingie garini," Bosi alisema. "Baki hapo kambini. Funga kitambaa mdomoni ukipika, wakuone umefunga. Mkirudi utapimwa. Unanielewa?"

"Na nani atakaa nyuma ya dereva?"

"Kwani dereva ni mtoto mchanga?"

Mpishi angeweza kusema pale pale, na baadaye alijiuliza sana kwa nini hakusema. Nadhani ni kwa sababu mtu huwezi kumvua mumeo nguo kwa simu, umesimama kwenye kichuguu, huku salio linakatika.

Darubini alikuwa kwenye hema la jikoni, ameketi juu ya gunia la viazi, anakula wali uliokataliwa.

"Kesho sema gari ni bovu," mpishi alimwambia.

"Gari likiwa bovu Bosi ataleta jingine na dereva wake. Huyo dereva akishalikalia hatoki."

"Wale ni watu, baba watoto. Wana mama zao."

"Kwani mimi nakwenda kuwaua? Kutwa nzima ya kesho ni kufuata redio na vumbi la wenzangu. Nimefanya kazi hii kabla hujaanza kukohoa." Alitabasamu, akatafuta mkono wake na kuukosa, akaushika kwenye jaribio la pili. "Nimalizie msimu huu tu. Ukiisha, nitakwenda kwa yule daktari wako, anichinje anavyotaka."

Msimu uliopita alisema hivyo hivyo, na kwa tabasamu lile lile.

*

Asubuhi waliondoka. Mpishi alisimama kando ya moto, kitambaa mdomoni kama alivyoamriwa, akapunga mkono, akaliangalia gari linavyoyumba kwenye njia mpaka likawa vumbi. Akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akapanga viazi kwa ukubwa, kazi isiyo na faida kwa mtu yeyote. Kila sauti ya injini ilimsimamisha.

Walirudi kabla ya chakula cha mchana, wote, wazima, wanaongea kwa pamoja. Walikuwa wamewaona viboko. Walikuwa wamefika mtoni, pale penye alama ya kushukia, pahala ambapo dereva hushuka kwanza, akazunguka, akatazama vichaka, na akisema ni salama ndipo abiria wananyoosha miguu na kupiga picha.

"Mama, umekosa," bibi harusi alimwambia, na kwa furaha akasahau kuogopa kikohozi, akamvuta mkono. "Dada, hebu muonyeshe ile ya wote."

Msichana wa kamera aligeuza kioo cha nyuma. Mpishi akainama, akakinga jua kwa kiganja.

Ilikuwa picha nzuri. Mto unang'aa nyuma yao. Mwenye duka ameingiza tumbo ndani. Muuguzi ameshika kofia. Bwana na bibi harusi wako pembeni kidogo, karibu na majani marefu, vichwa vimegusana. Darubini yuko kati, ametandaza mikono kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Na kwenye majani yale, umbali wa kutupa kandambili kutoka kwenye gauni la bibi harusi, kulikuwa na masikio mawili ya mviringo. Chini ya masikio kulikuwa na macho.

Mpishi aliwatazama wenye picha. Walikuwa wanatabasamu, wanasubiri asifu.

"Nzuri," alisema. "Nikopesheni kidogo, nimwonyeshe mume wangu."

*

Darubini alikuwa amelala chali kivulini, kofia usoni.

"Ulizunguka kabla ya kuwashusha?" mpishi alimuuliza.

"Nilizunguka."

"Ukaona nini?"

"Niliona majani. Mtoni kuna nini tena?"

Akampa kamera. Darubini aliketi, akaisogeza karibu na pua, akaiondoa, akaiinamisha, akaipeleka kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto. Mpishi alisimama anamngoja. Hakumwonyesha kwa kidole. Alitaka, Mungu amsamehe, alitaka aone mwenyewe.

"Picha nzuri," Darubini alisema hatimaye.

"Kuna simba."

"Wapi?"

"Unaniuliza mimi wapi?"

Darubini akaitazama tena, muda mrefu. "Hilo ni jiwe," alisema, na kidole chake kilikuwa kimegusa kofia ya muuguzi.

Kisha akasimama, akajifuta suruali, akasema saa ya kutoka jioni inakaribia na abiria hawapendi kusubiri. Mpishi alimfuata nyuma mpaka garini. Abiria walikwisha kupanda, mwenye duka ameshakaa dirishani, kwenye nafasi yake yeye, miguu ameiegemeza kwenye kasha.

Mpishi akafungua kile kitambaa mdomoni.

"Shukeni," alisema. "Dereva haoni."

Kwanza hawakuelewa. Kisha Darubini akacheka, kicheko kizuri cha tumboni.

"Msameheni mama watoto. Ameachwa kambini kutwa, ana hasira zake. Nyumbani tutayamaliza."

Bwana harusi akacheka kwa huruma, kama mwanamume mwenzake. Mwenye duka akanyoosha mkono kupitia dirishani.

"Haya Darubini, tumalize kesi. Vidole vingapi?"

"Vitatu, bosi wangu. Na cha kati kina kucha chafu."

Gari zima likacheka. Vilikuwa vitatu kweli, karibu na uso wake kiasi cha kumtia jichoni. Mpishi alihisi uso unamwaka. Tangu jana aliitwa mgonjwa, sasa alikuwa mwongo mwenye hasira, na yote mawili kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama pale anachezesha funguo.

Hakubishana. Alimpelekea msichana kamera yake.

"Ikuze picha hii, mwanangu. Hapa, kwenye majani. Kuza tena."

Msichana alikuza. Akaacha kukuza. Akampa muuguzi, muuguzi akampa bwana harusi. Bibi harusi alichungulia juu ya bega la mumewe, akaketi polepole mahali ambapo hapakuwa na kiti.

"Jana nzima," mpishi alisema, "nilipokuwa nakohoa, nilikuwa namwonyesha. Mara moja kushoto, mara mbili kulia. Siumwi kifua."

Hakuna aliyecheka tena. Muuguzi alivua kofia. Alimtazama mpishi, si dereva.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Asubuhi tulipoondoka, ulijua. Ukatupungia mkono."

"Nilijua, dada."

"Na wewe una watoto."

"Ninao."

Muuguzi akashuka garini upande wa pili ili asipite karibu naye.

*

Kambi ya jirani iliazima dereva, kijana mwembamba aliyekuja anakimbia na shati halijafungwa vizuri. Akaketi kwenye kiti cha Darubini, akakisogeza mbele maana miguu yake ilikuwa mifupi, akaondoka na abiria. Kiti kile hakikuwa kimesogezwa kwa muda mrefu, kililia kwa kutu.

Mwenye duka alikwisha kumpigia Bosi. Baada yake Bosi akampigia mpishi.

"Nisikilize," Bosi alisema. "Nina vikundi mpaka mwisho wa msimu, na wote wanamtaka Darubini kwa jina. Wageni hukuza mambo, na nyie mna ugomvi wenu wa mke na mume, mimi simo. Picha ni picha. Nitapiga kwenye simu yake, aniambie mwenyewe. Akisema anaona, anaona. Keshokutwa atashika gari."

"Bosi, haoni."

"Nimekwambia aniambie yeye."

Mpishi alirudi jikoni. Watu wakirudi watakuwa na njaa, na mtu akishakuchukia bado anakula. Alimwaga viazi kwenye karai, akakaa kwenye kigoda. Darubini alikuja, akapapasa gunia, akakaa, akachukua kisu. Wakamenya. Yeye alikuwa anamenya kwa kidole gumba, anatoa maganda manene yenye nusu ya kiazi ndani yake, na mpishi aliyaona akaendelea kumenya.

Simu ya Darubini iliita mfukoni. Hakuipokea. Ikaita tena, ikakatika.

"Ni Bosi," mpishi alisema. "Anataka umwambie unaona. Ukimwambia hivyo, kiti ni chako."

"Nilijua atasema hivyo. Ni mtu wa biashara." Aliokota kiazi kingine. "Umenivunjia heshima mbele ya watu wadogo."

"Nimekuvunjia."

"Ungesubiri tufike nyumbani."

"Nimekusubiri tangu msimu uliopita."

Wakamenya tena. Nje moto ulikuwa unapasua kuni mbichi.

"Yule mnyama," Darubini alisema baadaye, kwa sauti ya kawaida, ya kikazi. "Dume au jike?"

"Jike."

"Alikuwa amelala?"

"Amejikunja. Masikio mbele."

Darubini alitikisa kichwa kama mtu anayesoma habari anayoijua. Masikio mbele maana yake aliijua kuliko mtu yeyote kambini. "Basi bora angenirukia mimi," alisema. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Kidogo kingebaki cha kuzika."

"Hakuwa anakutazama wewe."

Kisu kilisimama.

"Alikuwa anamtazama nani?"

Mpishi alifuta mikono kwenye kanga. Alitamani apate namna nyingine ya kulisema, akaikosa.

"Bibi harusi."

Darubini alikaa na kiazi mkononi, nusu kimemenywa, macho yake meupe yameelekea mlango wa hema ambako mwanga ulikuwa unaingia. Midomo ilisogea kidogo, kama anapima kitu, labda hatua, labda majani, labda umbali ule wa kutupa kandambili, huku yeye amesimama pale anatandaza mikono.

Simu ikaita tena. Safari hii aliitoa, akaipapasa kutafuta kitufe, akaiweka sikioni.

"Naam, Bosi."

Sauti ilisikika ndogo, inaongea kwa haraka na kwa furaha, kama nyuki kwenye kopo. Iliongea sana. Darubini aliisikiliza mpaka ikanyamaza na kumngoja.

"Hapana," alisema. "Mke wangu hajazusha. Hata sasa hivi nimekuita Bosi kwa kubahatisha. Jina lako limeandikwa hapa kwenye simu, nami silioni."